Kukarabati jengo la zege la shule mwambaoni: maji, kutu, joto, ndipo umeme

Jengo tunalolisemea ni lile la ghorofa moja au mbili, la miaka ya 1960 au 1970, liwe Tanga, Mtwara, Dar es Salaam au Mombasa: nguzo na mihimili ya zege, kuta za tofali za saruji, paa bapa la zege, na madirisha ya luva ambayo vioo vyake vingi vimekwisha. Saa nane mchana darasa la juu halikaliki. Plasta ya dari inaanguka vipande na nondo zinachungulia. Fedha zikipatikana hununuliwa rangi, kisha madirisha ya aluminiamu ya kuteleza, kisha feni. Baada ya masika mawili rangi imebabuka, darasa lina joto kuliko zamani, na kutu imeendelea kula humo humo ndani.

Kosa liko kwenye mpangilio. Maji yazuiwe, zege litibiwe, paa lipozwe, kivuli na upepo virudishwe, ndipo mguse umeme. Na mjihadhari na miongozo ya kuokoa nishati iliyoandikwa kwa ajili ya nchi za baridi. Kule kazi ni kuziba kila upenyo na kuvika kuta sufi. Darasa la pwani lisilo na kiyoyozi ukiliziba hivyo unawapika watoto: wanafunzi 45, kila mmoja akitoa joto la wati 75 hivi, ni sawa na pasi tatu za umeme zilizowashwa ndani ya chumba kimoja.

Mifano yote hapa chini ni ya darasa la mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63.

Hatua ya 1: Kagua kabla ya kuomba bei

Tenga siku mbili. Chukua nyundo ndogo, chaki, uzi wa fundi, tepu, kipimajoto na ngazi imara. Gonga zege lote unaloweza kulifikia. Zege zima hulia kwa sauti kavu, ya juu. Zege lililoachana na nondo hulia kama debe tupu. Zungushia chaki kila sehemu inayolia hivyo, kisha uihamishie kwenye mchoro wa jengo. Msisitizo uwe chini ya slabu ya paa karibu na matundu ya maji, kwenye kingo za baraza, kwenye nyayo za nguzo na nyuma ya mabomba ya mvua. Huko ndiko kutu inakoanzia.

Kisha vuta uzi chini ya mihimili na slabu, kutoka ukuta hadi ukuta. Kwa upana wa mita 7, ikiwa katikati pamelegea zaidi ya milimita 28, hiyo si kazi ya fundi tena. Vivyo hivyo ukiona ufa wa mshazari kwenye mhimili karibu na nguzo, au ufa wa wima unaofuata nondo za nguzo na kupanuka. Toa watoto chumba kile, weka mirunda au jeki za chuma, na umwite mhandisi wa halmashauri au wa kaunti. Msingoje likizo.

Jaribio la tatu ni la fenolftalini, dawa ya maabara ambayo shule yenye somo la kemia huenda inayo kabatini. Vunja kipande cha zege, puliza vumbi, nyunyizia papo hapo. Pakigeuka rangi ya waridi iliyokolea, zege bado lina ualikali wa kulinda chuma. Pasipobadilika, hewa imekwisha kuingia na ulinzi umekwisha. Pima kina cha sehemu isiyobadilika, ulinganishe na kava, yaani unene wa zege linaloifunika nondo. Majengo mengi ya zamani yana kava ya milimita 15 hadi 20 tu, na kando ya bahari hiyo ni ndogo mno. Leo tungetaka angalau 40.

Dawa hiyo haionyeshi chumvi. Kama shule iko karibu na bahari, au kuna shaka kwamba mchanga wa ujenzi ulichotwa ufukweni, toboa kwa drili, kusanya unga wa kila kina kwenye mfuko wake, na upeleke maabara ipimwe kloridi. Jibu lake ndilo litakaloamua kiasi cha kazi ya hatua ya 3.

Mwisho, angalia mabati ya mawimbi ya kijivu na bodi za dari za zamani. Yakishukiwa kuwa na asbesto, asiyakate wala kuyapiga msasa mtu yeyote. Yang'olewe mazima, yakiwa yamelowanishwa, na watu wenye vibali na barakoa za kichujio. Rangi za zamani nazo huenda zina risasi: zikwanguliwe zikiwa na maji, si kwa mashine kavu, na watoto wasiwepo.

Kwa wiki moja pia andika joto la hewa la darasa la juu saa nne asubuhi, saa saba na saa tisa. Bila takwimu hizo, baada ya kazi kila mtu atakuwa na maoni yake.

Hatua ya 2: Maji

Paa bapa lisilo na mteremko ni beseni. Mwaga ndoo mbili katikati na utazame. Yakisimama, kuna kazi ya kumwaga screed, ambayo mafundi wengi huita lipu ya mteremko: saruji moja kwa mchanga minne, ikianzia milimita 25 kwenye tundu la maji na kupanda. Lenga sentimita 2.5 kwa kila mita ili hata baada ya makosa ya mkono ubaki na zaidi ya sentimita 1. Lakini hesabu uzito kwanza. Kila sentimita 5 za lipu huongeza kilo 100 hivi kwa mita ya mraba, na slabu ya zamani haikuchorwa kubeba mzigo huo. Ndiyo maana tabaka la zamani lililochakaa hubanduliwa kwanza. Kumwaga jipya juu ya bovu, mara tatu, ndiko kulikozifanya slabu nyingi zilegee.

Juu yake weka utando wa lami wa kuchoma kwa moto, wa milimita 4. Roli moja ni mita 1 kwa 10. Ukiondoa mapishano, sentimita 10 pembeni na 15 mwishoni, inafunika mita za mraba 8.9 hivi. Paa la mita 200 za mraba linahitaji roli 23, na ukiongeza kupandisha ukutani na upotevu, nunua 26. Utando upande ukutani angalau sentimita 15 juu ya uso uliomalizika, na kona ijazwe kwanza kwa pembe ya saruji ili usikunjike kwa kisu. Uso uwe mkavu. Ukichomea juu ya lipu yenye unyevu, jua la mchana hugeuza maji kuwa mvuke na utando unavimba malengelenge.

Ukimaliza ziba matundu, jaza maji sentimita 2 hadi 3, acha saa 24, kisha ingia chini uangalie dari. Fundi asilipwe sehemu ya mwisho kabla ya jaribio hili.

Mabomba ya mvua yawe ya milimita 100, yamwage mbali na msingi. Bomba lililofukiwa ndani ya nguzo, mtindo uliopendwa sana zamani, lizibwe na kuhamishiwa nje. Likivuja, nguzo huoza kutoka ndani na hakuna anayeona.

Hatua ya 3: Zege lililoliwa na kutu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo twende polepole.

Kutu ina ujazo mkubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Nondo inapovimba hulisukuma zege nje. Ukichukua mchanga na saruji ukasiliba juu ya nondo yenye kutu, umeficha ugonjwa. Kiraka kitaruka ndani ya mwaka mmoja au miwili na kung'oa zege jirani.

Kazi sahihi ni hii. Tegemeza slabu kwanza kwa mirunda au jeki. Kata mpaka wa kiraka kwa grainda, kina cha milimita 10, pembe zikiwa za mraba. Kiraka chenye kingo nyembamba kama karatasi hupasuka. Kingo isimame pale ambapo nondo ni safi, na uzidishe angalau sentimita 10 mbele ya kutu ya mwisho. Chimba hadi nyuma ya nondo, nafasi ya kupitisha kidole, milimita 20 hadi 25, maana upande wa nyuma ndio unaoachwa na wavivu. Safisha kwa brashi ya waya ya mashine au mchanga wa shinikizo hadi chuma king'ae. Pima kipenyo kwa vernia: nondo ikiwa imepoteza robo ya eneo la mkato wake, ifungwe nondo mpya pembeni, ikipishana na chuma kizima mara 40 ya kipenyo. Kwa nondo ya milimita 12 hiyo ni sentimita 48 kila upande.

Osha, acha zege la zamani likiwa limelowa lakini bila maji yanayong'aa juu, paka kiunganishi, na ujaze kabla hakijakauka. Mota ya ukarabati ya viwandani, yaani mchanganyiko wa saruji unaouzwa tayari kwenye mifuko, ndiyo bora kwa kazi ya juu kichwani. Kwa kiraka cha mita moja ya mraba chenye kina cha sentimita 5 unahitaji lita 50, yaani mifuko minne hivi ya kilo 25. Ikiwa hakuna budi kuchanganya mwenyewe, tumia mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 kwa ndoo tano na robo za lita 20 za mchanga wa mto uliooshwa. Utapata lita 100 hivi. Maji yasizidi lita 22, na kama mchanga umelowa punguza. Fundi ataomba maji zaidi ili mkono uende vizuri. Mkatalie. Mchanga wa baharini usikaribie eneo la kazi hata kama ni wa bure.

Weka kwa tabaka za sentimita 2 hivi, ukishindilia nyuma ya nondo kwa vidole vyenye glavu. Tupu likibaki huko, kutu itarudi kuanzia hapo. Kisha funika kwa magunia na uyaloweshe kwa siku 7, hata Jumapili. Upepo wa pwani hukausha kiraka saa moja, na kiraka kilichokauka hivyo hujikunja na kuachia kingo.

Kama maabara ilikuta chumvi, kuna tatizo la ziada ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Kiraka kipya hakina chumvi, zege la pembeni linayo. Zamani ile sehemu iliyokuwa ikiliwa ilikuwa inailinda nondo jirani bila kukusudia. Ukiitibu, kutu huhamia kwenye duara linalokizunguka kiraka. Dawa yake ni vipande vidogo vya zinki vinavyofungwa kwenye nondo kando ya mpaka wa kiraka, kila nusu mita hivi, kwa waya wake uliobana chuma kitupu. Zinki huliwa badala ya nondo. Chumvi ikiwa imeenea mihimili yote, viraka havitoshi na mhandisi ana haki ya kusema ghorofa ya juu ivunjwe. Ni habari mbaya, ila ni nafuu kuliko slabu kuanguka.

Hatua ya 4: Paa lipozwe

Jua la adhuhuri linatoa hadi wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Zege la zamani lenye ukungu mweusi hufyonza kama asilimia 70 ya hizo, na lami tupu hufyonza zaidi. Juu ya darasa letu la mita 63 hiyo ni kilowati 44. Si yote inayoingia ndani, lakini slabu ya sentimita 15 hulihifadhi joto na kulitoa upande wa chini saa nne hivi baadaye. Ndiyo sababu kipindi cha saa tisa alasiri ni kibaya kuliko cha saa sita.

Njia rahisi ni rangi nyeupe ya akriliki ya paa. Ikiwa mpya hufyonza asilimia 20 tu. Hesabu lita 1 kwa mita ya mraba kwa mikono miwili, yaani ndoo kumi za lita 20 kwa paa la mita 200. Ichaguliwe ile inayoruhusiwa kupakwa juu ya lami. Chokaa ya kawaida inafanya kazi, ila masika huiosha. Na nyeupe yoyote ikishika vumbi hupoteza nguvu, kwa hiyo paa liwe na ngazi ya kudumu ili liweze kusuguliwa.

Njia bora, fedha zikiruhusu, ni paa la pili la bati jeupe au aluzinki linalosimama juu ya slabu kama mwavuli, likiacha nafasi ya angalau sentimita 30 iliyo wazi pande mbili. Hewa hupita katikati na kuondoka na joto. Bati lichomoze sentimita 90 nje ya kuta, nawe umepata kivuli cha madirisha ya juu papo hapo. Kelele za mvua hazisumbui, maana slabu iko chini yake. Vigingi vya fremu vifungwe kwa bolti za milimita 12 kwenye mihimili, si katikati ya slabu, na vifungwe kabla ya utando wa lami ili upandishwe kuvizunguka. Pande zilizo wazi ziwekwe wavu wa matundu madogo. Popo wakihamia humo hamtawatoa. Kwa gata na tangi, mvua ya milimita 25 kwenye mita 200 za mraba ni karibu lita 5,000.

Hatua ya 5: Kivuli

Dar es Salaam iko nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi 60. Desemba liko kusini, nyuzi 73. Kwa dirisha la kimo cha mita 1.5, kinga ya mlalo upande wa kaskazini itokeze sentimita 87, na upande wa kusini 45 zinatosha. Mashariki na magharibi kinga ya mlalo haisaidii: saa kumi jua limeshuka, na ungehitaji kutokeza karibu mita mbili. Huko weka kinga za wima, ukuta wa matofali ya matundu ulioachana na dirisha kwa mita moja, au mwarobaini uliopandwa mita sita kutoka ukutani. Miashoki ya mstari inapendeza, lakini kivuli chake chembamba.

Hatua ya 6: Upepo

Majengo mengi ya wakati ule yalichorwa na watu waliolijua joto la pwani. Yalikuwa na matofali ya matundu, luva pande mbili na baraza refu. Baadaye matundu yakazibwa kwa ajili ya wezi, baraza likageuzwa stoo, ukuta wa upande wa baraza ukajengwa hadi juu. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuvunja, na haihitaji fedha nyingi.

Mwambaoni kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, hivyo pande zote mbili ndefu za darasa zinahitaji matundu: moja la kuingilia, jingine la kutokea. Dirisha upande mmoja tu halipitishi upepo hata liwe kubwa vipi. Tunalenga uwazi wa asilimia 20 ya sakafu, yaani mita za mraba 12.6, nusu kila upande: madirisha manne ya mita 1.2 kwa 1.3. Kizingiti cha chini kisizidi sentimita 90 kutoka sakafuni, ili upepo uwapite watoto walioketi, si juu ya vichwa vyao.

Sasa hesabu ile ya madirisha ya kuteleza. Kioo kimoja daima kimesimama mbele ya kingine, kwa hiyo mita 6.3 zako zimekuwa 3.1. Luva hufunguka karibu zote. Tengeneza luva zilizopo: badilisha klipu zilizooza, weka vioo pale tu panapohitaji mwanga, na safu za chini ziwe za mbao au aluminiamu zisivunjwe na mpira. Wavu wa mbu hupunguza upepo sana. Kwa darasa la kutwa hauna kazi, kwa bweni ni lazima na ukubwa wa dirisha uongezwe. Grili za wezi ziachiwe dirisha moja linalofunguka kutoka ndani, na milango ifunguke kwa nje.

Hatua ya 7: Umeme mwishoni

Kabla ya kufunga chochote, fundi umeme apime nyaya za zamani kwa mega, kipimo cha uzima wa ngozi ya nyaya, ya volti 500. Sakiti isiyofikisha megaomu 1 ibadilishwe. Weka breka ya uvujaji wa miliampea 30 na erthi mpya.

Feni sita za milimita 1,400 kwa darasa letu, mapanga yakiwa mita 2.4 au zaidi kutoka sakafuni na sentimita 30 chini ya slabu. Ndoano ya zamani ijaribiwe kwa kuning'iniza mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa saa nzima. Nunua feni za mota ya umeme isiyo na brashi (BLDC), wati 30 hivi badala ya 75. Kwa madarasa manane na saa sita kwa siku, za kawaida zinakula uniti 21.6, hizi 8.6. Upepo wa feni hukupa nafuu ya nyuzi 2 hadi 3 mwilini bila kupoza hewa yenyewe, hivyo darasa tupu lizimwe.

Taa: mwanga wa lukisi 300, yaani lumeni 300 kwa kila mita ya mraba, kwa mita 63 ni lumeni 18,900, na nusu hupotea njiani, kwa hiyo mirija 18 ya LED yenye lumeni 2,100 kila mmoja. Ni wati 324 badala ya 810 za mirija ya zamani na choki zake. Choki na stata zing'olewe, nyaya zipelekwe moja kwa moja, na kibandiko kiwekwe kwenye fremu kwamba mrija wa zamani usirudishwe. Taa zisikae juu ya mapanga ya feni. Mwanga utacheza na watoto wataumwa vichwa. Swichi zifuate mistari inayoenda sambamba na madirisha, ili mstari wa dirishani uzimwe mchana. Dari nyeupe na kuta za rangi ya maziwa zinasaidia kuliko mrija wa kumi na tisa.

Kiyoyozi kibaki cha chumba cha kompyuta, na chumba hicho pekee ndicho kizibwe.

Ratiba

Kazi za paa zianze Juni, masika yakiwa yamekwisha, na ziishe kabla ya vuli ya Oktoba. Viraka vya zege hufuata darasa kwa darasa. Madirisha na umeme vifanywe Desemba. Kisha, kila Februari kabla ya masika: fagia matundu ya maji, sugua paa jeupe, gonga zege tena kwa nyundo ile ile, na uzungushie chaki panapolia debe.